Nimeacha shule zamani, mwezi wa nane naanza biolojia yenye maabara: nijiandaeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Houston, nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa wauguzi) kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku. Form four nilimaliza Tanzania miaka kumi na kitu iliyopita, biolojia nilipata D, na praktiko tulikuwa tunamwangalia mwalimu anafanya mbele sisi tunaandika. Nataka kwenda unesi na komyuniti koleji wameniambia nianze na biolojia yenye maabara mwezi wa nane. Nimenunua kitabu cha mtumba, nimeanza ukurasa wa kwanza, niko wa 30 na sielewi kitu. Nijiandae vipi? Na ni kweli tutapasua wanyama? Mimi Muislamu na nimesikia ni nguruwe.

JIBU: Marahaba dada'angu. Kwanza kifunge hicho kitabu. Sisemi ukitupe, kitakufaa baadae, ila hivi vitabu vya biolojia ya chuo mara nyingi vinapita kurasa elfu moja na hakuna anayevisoma kama riwaya toka mwanzo hadi mwisho, hata sisi tunaofundisha hatusomi hivo. Mimi nasimamia maabara za kozi hiyohiyo hapa Texas, na wanaoanguka ninaowaona mimi wengi wao siyo kwamba kichwa hakipo. Wanaangushwa na ratiba, au wanakosa maabara mbili tatu, au wanakariri alafu mtihani ukija na swali lililogeuzwa kidogo wanakwama. Kwaiyo ntakaa zaidi hapo.

Ila kabla hujasoma chochote, angalia namba ya kozi uliyoandikishwa. Vyuo vya umma vya Texas karibu vyote vinatumia namba za pamoja. BIOL 1406 ni ya wanaoelekea kwenye sayansi, BIOL 1408 ni ya watu wa fani zingine wanaotafuta krediti ya sayansi wamalize waondoke. Tarakimu ya pili ndo idadi ya krediti, maana yake zote mbili ni krediti 4, na ndo maana watu wanazichanganya. Vyuo vingine vimeigawa, lekcha inakuwa 1306 na maabara 1106, hapo unajiandikisha kote kuwili. Mbele yako kuna 2401 na 2402, anatomia na fiziolojia, alafu maikrobiolojia, 2420 au 2421. Sasa usimsikilize mtu anayekwambia chukua biolojia yoyote. Fungua ukurasa wa programu ya unesi unayoitaka wewe, siyo ukurasa wa chuo kwa ujumla, uone wanataka namba ipi, maabara ya onlaini wanaipokea au hawaipokei, gredi ya chini wanayokubali, na sayansi yako inaishi miaka mingapi, kwa sababu programu nyingi hazipokei kozi ya sayansi iliyozidi miaka mitano au saba. Nimemuona mtu kamaliza 1408 na A yake nzuri kabisa, anaenda kuomba unesi anaambiwa hii hatuihesabu. Na uulize kwa email, siyo kwa simu, jibu libaki kwa maandishi.

Haya, ratiba. Krediti 4 maana yake lekcha kama saa 3 kwa wiki na maabara saa 3, na kawaida ya vyuo vya huku ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa 1 ya lekcha, hapo zimeshafika 12 na ripoti za maabara bado hatujaziweka. Kama unafanya zamu tatu za saa kumi na mbili kumi na mbili una saa 36 za kazi, juu yake hizi, juu yake nyumba. Inawezekana, wanafunzi wangu wengi wanaishi hivohivo, lakini haiwezekani ukijiandikisha maabara ya saa mbili asubuhi wakati zamu yako inatoka saa moja asubuhi. Utafika, utasaini, utasinzia juu ya maikroskopu. Tafuta ya mchana au ya jioni siku ambayo usiku wake hukufanya kazi. Na ile section (darasa la kozi lenye ratiba yake) ya wiki tano au nane waachie wengine, wewe chukua ya wiki 16, kwa mtu aliyekaa mbali na shule ile ya haraka inakimbia kuliko kichwa kinavyoweza kumeza.

Maabara dada ukikosa hairudiwi kirahisi, na siyo roho mbaya. Zile solushen zinachanganywa kwa ajili ya siku ile, bakteria wanaoteshwa kwa ajili ya siku ile, kesho yake meza zimepangwa kwa kitu kingine kabisa. Silabasi nyingi, yani zile karatasi za mpango wa kozi, zinasema ukikosa zaidi ya mbili umefeli, hata kama lekcha una B. Kwaiyo siku silabasi inatoka, piga picha ule ukurasa wa tarehe za maabara mpelekee anayepanga zamu kazini, siku ileile, usisubiri. Na ukiona mambo yamekuelemea zipo tarehe mbili za kujua. Ya kwanza ni siku ya 12 ya masomo kwenye muhula wa kawaida, ukijitoa kabla ya hapo kozi haionekani popote. Ya pili iko mbele kwenye muhula, baada ya hiyo huwezi kupata W tena (ile alama ya kwamba umejitoa), ni gredi yako tu. W siyo mwisho wa dunia ila ujue kwamba toka 2007 Texas imeweka kikomo, kwenye vyuo vya umma W sita tu kwa shahada yako yote ya kwanza ukiacha sababu maalum, na kama unasoma kwa msaada wa serikali W zikizidi zinaweza kuugusa msaada huo.

Sasa masomo yenyewe. Kuanzia leo mpaka mwezi wa nane sikutaki usome sura kumi. Nataka ujue vitu vichache mpaka uweze kumweleza mtu mezani bila karatasi.

Cha kwanza kemia kidogo, maana sura zile za mwanzo zilizokushinda ndo kemia, siyo biolojia. Atomu ina nini ndani, elektroni zinagawanwa vipi, kwa nini molekuli ya maji upande mmoja una chaji chanya kidogo na mwingine hasi kidogo, na pH. Kwenye pH ukumbuke kila hatua moja ni mara kumi, pH 5 ina asidi mara 100 kuliko pH 7, swali hilo linakuja kila muhula na kila muhula watu wanaandika mara mbili. Damu ya mtu iko 7.35 hadi 7.45, sasa ukishajua ile hesabu ya mara kumi ndo unaelewa kwa nini madaktari wanakimbia kwa mabadiliko yanayoonekana madogo hivo.

Cha pili vipimo. Hapa una mtaji ambao vijana waliotoka hai skuli jana hawana. Wewe unapima mkojo wa mgonjwa kwa mililita kila zamu, wao wamekulia kwenye ounsi na inchi. Ongeza tu maikrolita, 1000 ndani ya mililita moja, na maikromita, 1000 ndani ya milimita moja.

Cha tatu osmosisi, na hapa nataka ukae, kwa sababu ukiielewa hii vizuri umeelewa nusu ya sura ya utando wa seli na umefanya maabara ya kwanza nyumbani kwako. Chukua kiazi ulaya, kimenye, kata vipande vitatu vinavyokaribiana, pima kila kimoja kwenye mzani wa jikoni wa gramu uandike. Kimoja weka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye kijiko cha chai cha chumvi, cha tatu vijiko vitatu, glasi zote maji kiasi kimoja. Viache masaa matatu ukalale. Ukiamka futa kila kipande na karatasi, tena vyote kwa namna moja, upime upya. Tuseme cha maji matupu kilikuwa gramu 20 kimekuwa 22, hiyo ni ongezeko la 10%. Cha chumvi nyingi kilikuwa 20 kimekuwa 17, kimepungua 15% na kimelegea, ukikishika kinapinda. Kwa nini asilimia na siyo gramu? Kwa sababu vipande vyako havitaanza na uzito sawa kama kwenye mfano huu, na hilo swali, amini nakwambia, liko kwenye kwizi. Alafu kabla hujafungua kitabu andika kwa maneno yako maji yametoka wapi yameenda wapi na kwa nini.

Ukimaliza hapo fikiria dripu unayoiona kazini, ile ya 0.9%, yani gramu 9 za chumvi kwa lita. Kwa nini siyo maji matupu? Kwa sababu seli nyekundu ya damu ukiiweka kwenye maji matupu maji yanaingia inavimba inapasuka. Seli ya mmea je? Haipasuki, ina ukuta wa selulosi nje ya utando, inajaa inakaza basi. Sasa profesa hatakuuliza "osmosisi ni nini", huo ni mtihani wa form two. Atakwambia mtu amepotea baharini kanywa maji ya bahari, kwa nini kiu inazidi, na anataka uende hadi kwenye figo ambazo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kuzidi ile ya baharini, kwaiyo mwili unatumia maji yake yenyewe kuitoa. Aliyekariri sentensi moja ya tafsiri hapo hana cha kuandika.

Ndo maana nakataa kusoma kwa kurudiarudia na kupaka kalamu ya haileta ya njano. Watafiti Roediger na Karpicke walilijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo, walichapisha 2006: waliosoma tena na tena walifanya vizuri wakipimwa dakika tano baadae, lakini baada ya wiki moja waliojilazimisha kukumbuka bila kuangalia ndo walikuwa mbele, na wale wa kurudia ndo waliokuwa na imani kubwa kwamba wanajua. Kwako wewe njia ni rahisi, soma kurasa tano, funga, chukua karatasi nyeupe, chora na uandike unachokumbuka, fungua, jaza yaliyokosekana kwa kalamu nyekundu. Ile nyekundu ndo kitu cha kusoma kesho, nyeusi achana nayo. Dakika 25 kabla ya zamu zinatosha.

Kuhusu kitabu usitumie hela tena mpaka uone silabasi. OpenStax, mradi wa Rice University, hapo hapo Houston kwako, wanatoa vitabu vya biolojia bure kabisa kwenye intaneti, cha 1406 kinaitwa Biology 2e, na kuna kingine chepesi zaidi, Concepts of Biology. Mi ningekushauri uanze mada kwenye kile chepesi alafu urudi kwenye kikubwa.

Mada itakayokutoa jasho ni upumuaji wa seli, kila mtu inamtoa jasho. Usikariri kila kimeng'enya cha mzunguko wa Krebs, profesa wachache sana wa kozi hii wanataka hivo. Jua kwa kila hatua vitu vitatu: inafanyika wapi, nini kinaingia, nini kinatoka. Glukozi inakatwa nje ya mitokondria kuwa piruveti mbili na faida ya ATP 2 (ATP ndo molekuli inayobeba nishati ya seli), yanayofuata yako ndani ya mitokondria, na oksijeni inakuja mwisho kabisa kupokea elektroni, inageuka maji. Ukishaelewa kwamba kazi ya oksijeni ni hiyo tu ya mwisho, unaelewa kwa nini mgonjwa wako kile kimashine cha kidoleni cha kupima oksijeni kikisoma chini kila mtu anakimbia: mstari wote wa nyuma yake unasimama.

Sasa maabara. Ulisema ulikuwa unaangalia mwalimu anafanya mbele, basi yale aliyokuwa anafanya utayakuta, safari hii kwa mikono yako. Ayodini kwenye wanga inakuwa bluu nyeusi. Benedikti na sukari ya glukozi, ukichemsha inatoka bluu inapita kijani, njano, hadi rangi ya tofali. Biureti na protini inakuwa zambarau. Rangi inayoitwa Sudani inashika mafuta. Ni mambo yaleyale ya form four, ila huku hawakusifii kwa kujua rangi, wanakuuliza kwa nini tyubu moja uliweka maji peke yake. Hiyo ndo kontroli, bila hiyo hujui rangi unayoiona inatoka kwenye chakula au kwenye solushen yenyewe. Neno kontroli litakufuata muhula mzima, kwenye kila jaribio jiulize iko wapi.

Maikroskopu ndo kitu watu wazima wanakiogopa na hakina cha kuogopwa. Ishike kwa mikono miwili, mmoja shingoni mmoja chini. Anza na lenzi fupi ya 4 siku zote, ukizidisha na 10 ya lenzi ya juu unayochungulia unapata mara 40, lenzi ya 10 ni mara 100, ya 40 ni mara 400. Kile kifundo kikubwa kinatumika kwenye lenzi ya 4 peke yake. Ukishapanda hadi ya 40 gusa kifundo kidogo tu, ukizungusha kikubwa lenzi inagongana na slaidi inaivunja na sisi tunasikia ule mlio toka upande wa pili wa chumba. Siku ya kwanza utapewa slaidi yenye herufi e na utaiona imepinduka, usishtuke, na ukisogeza slaidi kulia picha inaenda kushoto. Wiki inayofuata ni ngozi ya kitunguu na ayodini, na hapo nakuomba kitu kimoja. Utaona duara zuri, jeusi ukingoni, limetulia katikati. Usilichore. Hilo ni povu la hewa. Kila muhula napokea michoro ya mapovu yenye mishale imeandikwa seli, nyukliasi, na mmoja aliweka hadi mitokondria. Seli za kitunguu zimekaa kama matofali ya ukuta, ndefundefu, zimepangana. Povu unalipunguza kwa kushusha kile kioo chembamba kwa kukiinamisha, upande mmoja kwanza, siyo kukidondosha.

Na utaombwa kukadiria ukubwa. Tuseme kwenye mara 40 rula inaonyesha duara la kuonea lina milimita 4.5. Kwenye mara 400 linakuwa mara kumi dogo, 0.45, yani maikromita 450. Ukiona seli za shavu kama tisa zingeweza kupangana toka ukingo hadi ukingo, moja ni maikromita 50. Hesabu yote ni hiyo.

Pipeti ndogo za maikrolita, kitu kimoja tu: namba tatu zile kwenye dirisha hazisomwi sawa kwenye kila pipeti. 050 kwenye P200 ni maikrolita 50, kwenye P20 ni maikrolita 5. Mtu akichanganya hapo kakosea mara kumi na jeli yake, ile ambayo DNA inapitishwa ndani yake kwa umeme, haitoi kitu. Na kwenye jeli DNA ina chaji hasi, inakimbilia upande wa chanya, waya mwekundu, kwaiyo visima, vile vitundu unavyowekea DNA, viwe upande wa mweusi, angalia mara mbili kabla ya kuwasha.

Siri ya maabara, kama kuna siri, ni kusoma maelekezo jana yake na kuyachora kwenye daftari kwa vibox na mishale, kwa mkono wako. Wanaokuja bila kusoma wanatumia saa nzima ya kwanza kuuliza tunafanya nini, alafu wanatoka wamechelewa na data mbovu. Ripoti nayo, data mnagawana na mwenzako, maneno hamgawani, programu za kukagua kunakili zinakamata. Na usiandike jaribio "limethibitisha", andika limeunga mkono haipothesi (dhana uliyokuwa unaijaribu) au halikuunga.

Mavazi: viatu vilivyofunika mguu wote, na zile Crocs za kazini zenye matundu hazikubaliki, utarudishwa mlangoni. Skrabu zako ziko sawa. Hijabu haina shida yoyote, ncha zichomeke ndani ya koti na pini, zisining'inie karibu na moto au kemikali.

Kiingereza kikikupita, sema pale pale "naomba rudia", hakuna anayekushangaa. Profesa ana masaa yake ya kukaa ofisini kusubiri wanafunzi na mara nyingi anakaa peke yake, nenda na ile karatasi yenye wino mwekundu umwonyeshe ulipokwama. Tuisheni ya bure ipo pia kwenye vyuo vingi, uliza maktaba.

Kuhusu kupasua: 1406 ni kozi ya seli na jeni, kwa kawaida hakuna kupasua mnyama, labda uone ini au kiazi kinatoa povu kwenye haidrojeni peroksaidi. Kupasua kunakuja 2401 na 2402, na hapo inategemea chuo, wengine wanatumia paka, moyo au ubongo wa kondoo, jicho la ng'ombe, na ndiyo, wengine wanatumia vijusi vya nguruwe vilivyohifadhiwa kwenye dawa. Utavaa glavu, na kuna wanafunzi wangu Waislamu waliofanya na glavu wakaona sawa, kuna walioomba kutofanya, hilo ni lako na sheikh wako. Kama hutaki, usingoje siku nyama iko mezani. Mwandikie profesa kabla muhula haujaanza, umuulize wanatumia mnyama gani na kama kuna modeli au programu ya kompyuta mbadala, na hapohapo uulize ule mtihani wa vituo, ule wa kuzunguka meza hadi meza kwa dakika moja mbili, utafanyika kwenye mnyama au kwenye modeli. Wengine wanaruhusu mbadala kwenye mazoezi alafu mtihani unakuja na mnyama yuleyule, bora ulijue mapema ubadilishe section nafasi zikiwa bado zipo.